Riwaya za Kikristo Katika Mkoba wa Bi Harusi



Mwenzetu mmoja anaolewa Mfungo Mosi, Mungu akipenda. Wiki iliyopita tulikwenda kwao kumsaidia kufunga vitu vyake vya kuhamia nyumba mpya. Kanga tukazikunja doti kwa doti, chetezo tukakifunga gazeti kisivunjike, madira tukayapanga kwa rangi. Shangazi yake akanyanyua mkoba wa mwisho, akauona mzito, akaufungua. Ndani mlikuwa na riwaya sita za Kiingereza na diski za filamu za kusaka hazina.

Shangazi alisomesha Kiingereza skuli kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Akachukua kitabu cha juu, akakigeuza, akasoma maneno ya nyuma kimya kimya. Kisha akavua miwani.

"Mwanangu, mwandishi wa hiki ni Mkristo, na humu mna binti wa kifalme wa Saudia anayekimbia ndoa. Wewe ndoa yako imebaki wiki tatu. Hebu niambie, wataka kutukimbia?"

Sisi tukacheka. Bi harusi hakucheka. Akamjibu kwa adabu, "Hapana, shangazi yangu. Mimi niliulizwa, nikasema ndiyo. Huyu hakuulizwa."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na hayakwisha mpaka adhana ya Magharibi. Shangazi alikuwa na hoja tatu. Ya kwanza, vitabu vya dini nyengine vitamtia mtoto shaka. Ya pili, mume atasema nini akivikuta. Ya tatu, na hii aliisema kwa uchungu, kwamba hao waandishi na watengenezaji filamu hawatupendi, wanatuchora vibaya, na sisi tunawalipa kwa kuwatazama. Tulimuahidi kwamba tutajibu kwa utulivu, na haya ndiyo majibu yetu. Sisi si masheikh na hatutoi fatwa. Haya ni maoni ya wanawake watano ambao tangu skuli wanaazimana filamu na vitabu, na hawaoni haya kusema kwamba wanavipenda.

Kwa nini tunazipenda filamu za kusaka hazina

Bibi zetu hapa Unguja walikuwa na siku zao za sinema, maonesho ya wanawake peke yao, wakienda na mabuibui yao kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri. Kwa hiyo kupenda filamu hatukukuanza sisi. Kilichobadilika ni skrini tu, na kwamba siku hizi tunatazama sebuleni, mlango umefungwa, kahawa na kashata mezani.

Katika filamu zote za safari na hatari, tunayoirudia zaidi ni Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981. Steven Spielberg aliiongoza, Harrison Ford ndiye steringi, na kisa chake kinatokea mwaka 1936. Mwalimu wa chuo kikuu wa Marekani anashindana na Wajerumani wa Hitler kulitafuta Sanduku la Agano. Wasomaji wetu wanalijua sanduku hilo kwa jina jengine. Ni lile Tabuti lililotajwa katika Suratul Baqara, kwenye kisa cha Talut. Mara ya kwanza mmoja wetu alipolitambua alisimamisha filamu, akaenda kuchukua msahafu na tafsiri yake, na tukaisoma aya ile pamoja kabla ya kuendelea. Filamu ya Marekani ndiyo iliyotupeleka kwenye sura ambayo tunaisikia kila mwezi wa Ramadhani.

Angalieni inavyomalizika. Watu wa Hitler wanalifungua sanduku kwa kiburi, wakidhani kitu kitakatifu ni silaha ya kumilikiwa, na wanaangamia. Steringi na mwenzake wanaokoka kwa jambo moja dogo, nalo ni kufumba macho. Yeye aliyepigana filamu nzima kwa mjeledi na bastola, mwisho anaokoka kwa kukubali kwamba kuna kitu hakimhusu kukitazama.

Ile ya mwaka 1989, Indiana Jones and the Last Crusade, inarudia fundisho hilo kwa kikombe. Vikombe ni vingi, vya dhahabu na vya vito, na tajiri mwenye tamaa anakunywa kwa kile kinachong'aa, anakufa. Steringi anachagua kikombe duni cha fundi seremala. Hekalu linaloonekana kwa nje katika filamu hiyo ni mahali pa kweli, Petra, Jordan, palipochongwa mwambani na Waarabu wa Nabatia. Ndani ya jengo lile hamna mitego wala mashujaa wa Msalaba, ni chumba kitupu. Lakini fundisho la kikombe lingesimuliwa hata na bibi zetu, ukutini, bila ya kubadilisha neno.

Hizi si filamu za dini. Ila zinajua kwamba tamaa ina mwisho, na kwamba yako mambo makubwa kuliko mwanadamu. Filamu nyingi za siku hizi hazilijui hilo tena.

Na riwaya za Kikristo je?

Hapa ndipo shangazi alipokunja uso, kwa hiyo twende taratibu.

Riwaya hizi tulizipata kwa bahati. Mmoja wetu alifanya kazi hotelini ufukweni kwa miaka minne. Wageni wakiondoka huacha vitabu kwa sababu mabegi yamejaa zawadi, na wafanyakazi huambiwa wachukue wanavyovitaka. Vyengine tulivinunua Dar kwa wauza vitabu vya mitumba, wanaovitandaza chini kando ya barabara. Hatukujua kwamba ni vya Kikristo mpaka tulipokuwa tumeshazama ndani.

Kilichotukamata kwanza ni usafi. Wachapishaji wa Kikristo wa Marekani wana masharti yao. Hamna matusi, na msimulizi haingii chumbani na watu. Mtu anaweza kumsomea mdogo wake kwa sauti bila ya kuruka kurasa. Nani kati yenu ameshawahi kununua riwaya ya kawaida ya Kiingereza akaifunga ukurasa wa 40 kwa aibu? Basi mnatuelewa.

Kilichotukamata cha pili ni kwamba watu wa vitabu hivi wanasali, na sala ina uzito katika kisa. Chukua This Present Darkness ya Frank Peretti, iliyotoka mwaka 1986. Ni mji mdogo tu wa Marekani, mchungaji mmoja na mwandishi wa habari mmoja, lakini juu ya mapaa ya nyumba malaika na mashetani wanapigana, na nguvu ya malaika inapanda na kushuka kwa kadiri watu wanavyoomba. Sisi tuliokulia visiwani hatukuhitaji kufafanuliwa kwamba uko ulimwengu usioonekana. Tumeogeshwa kwa maji ya kusomewa, tumesomewa Ayatul Kursiy kila usiku. Tuliloliona kwa Peretti ni mtu wa mbali kabisa anayelichukulia jambo hilo kwa uzito ule ule. Tunapoachana naye ni pale anapomchora kila shetani kwa pembe na mabawa, kana kwamba alikuwepo. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Tunaamini ipo, wala hatujifanyi tumeiona.

Kisha kuna Left Behind ya Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1995, na mfululizo ulipokwisha mwaka 2007 vilikuwa vitabu 16, na zaidi ya nakala milioni 60 zimeuzwa. Mwanzo wake hatujausahau. Rubani anaendesha ndege usiku kutoka Chicago kwenda London. Ameoa, ana mke mcha Mungu ambaye ucha Mungu wake umeshaanza kumchosha, na macho yake yanamfuata mhudumu mmoja wa ndani ya ndege. Ghafla abiria kadhaa wanatoweka vitini, nguo zao zimebaki zimekaa. Duniani kote watoto wote wametoweka. Anaporudi nyumbani, mke hayupo na mtoto wa kiume hayupo. Amebaki yeye na binti yake mkubwa, na nyumba iliyojaa vitu vya mke aliyempuuza.

Dada zetu, sura hiyo ya mwanamume kurudi nyumba tupu ilituliza sote watano. Haikuwa kwa sababu ya itikadi ya unyakuo, ambayo si yetu. Na tuseme ukweli, si ya Wakristo wote pia. Wakatoliki, kwa mfano, hawafundishi kwamba waumini watanyakuliwa ghafla kwa siri kiasi hicho. Ilituliza kwa sababu ni kisa cha mtu aliyekuwa na mke mwema akawa anamwona kama samani ya nyumba. Hilo linawahusu watu wa dini zote.

Jambo jengine lililotushangaza ni kukaribiana kwetu. Adui wa vitabu hivyo ni yule wanayemwita Mpinga Kristo, kiongozi mwenye sura nzuri na maneno matamu anayetoka Romania, anakuwa mkuu wa Umoja wa Mataifa, na dunia nzima inamfuata. Sisi tunamjua Masihi Dajali tangu madrasa. Tunajua kwamba Nabii Issa bin Maryam (A.S.) atarudi. Ndiyo maana tunahifadhi aya kumi za mwanzo za Suratul Kahf. Itikadi zetu na zao zinaachana mahali pengi, tena pakubwa, na asiyepajua mahali hapo asianze na vitabu hivi. Lakini anayejua dini yake akisoma kitabu cha namna hii hutoka na hamu ya kurudi kwenye mafundisho yake mwenyewe kuangalia, "sisi tumeambiwa nini?" Kwetu imekuwa hivyo.

Kwa hoja ya kwanza ya shangazi, basi, jawabu letu ni hili. Kitabu kinamtia shaka yule asiye na msingi. Msingi ujengwe kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, na sisi tunasema ukiwa umekaa juu ya mbacha wako barabara, msala ukipita unaweza kuutazama nakshi zake ukaendelea kukaa.

Hapa shangazi ana haki

Sasa hoja ya tatu. Hii hatuipingi, tunaiongezea.

Katika Raiders kuna tukio maarufu sokoni Cairo, ambalo kwa kweli lilipigwa Tunisia. Mwarabu mrefu mwenye nguo nyeusi anatokea na upanga, anauzungusha kwa mbwembwe. Steringi anamwangalia kwa uchovu, anatoa bastola, anampiga risasi moja. Ukumbi wote hucheka. Palipangwa pawe na pambano refu, lakini Ford alikuwa anaumwa tumbo siku hiyo, wakafupisha. Na sisi tumecheka, miaka mingi. Mpaka siku moja mdogo wa mmoja wetu, mtoto wa miaka tisa, aliuliza, "Huyo mtu alikuwa amefanya nini?"

Hakuna aliyekuwa na jawabu. Mtu yule hana jina. Hana neno hata moja. Hana mama. Kazi yake ni kufa ili tucheke, na anafanana na wajomba zetu kuliko anavyofanana steringi.

Tangu siku ile tunaangalia kwa macho mengine. Rafiki mwema wa steringi, Sallah, ni Mmisri, na mwigizaji wake ni mtu wa asili ya Wales. Katika The Mummy ya mwaka 1999, Misri yenyewe ni Morocco iliyovishwa nguo, na wenyeji wengi ni wachafu, waoga au wanapenda pesa. Na si sisi tu. Wahindi nao walilalamikia Indiana Jones and the Temple of Doom ya mwaka 1984, ambamo karamu ya nyumba ya kifalme ni nyoka na ubongo wa nyani.

Alikuwepo msomi wa Marekani aliyeitwa Jack Shaheen, Mkristo, wazazi wake wa asili ya Lebanoni. Alitazama filamu zaidi ya 900 za Hollywood zenye Waarabu ndani yake, moja baada ya moja, na mwaka 2001 akatoa kitabu kiitwacho Reel Bad Arabs. Alionesha kwamba nyingi mno kati ya hizo zinamchora Mwarabu kama gaidi, tajiri mpumbavu au mtu katili kwa wanawake. Tunapenda kulikumbusha jambo hili kila likija neno "Wakristo wanatuchukia". Aliyekaa miaka kuhesabu dhulma hiyo na kututetea alikuwa Mkristo.

Riwaya nazo zina lawama yao. Katika Left Behind, makao makuu ya Mpinga Kristo yanajengwa Iraq, Babeli Mpya. Na Mwislamu mwema katika riwaya za aina hii kwa kawaida ana njia moja tu ya kuwa mwema, nayo ni kubadili dini kabla ya kurasa kwisha. Jirani zetu Wakristo hapa nyumbani tunakula nao, tunazikana nao, na hakuna anayengoja mwenzake abadilike ndiyo amwone mtu. Waandishi wale wangekaa mwaka mmoja katika mtaa wenye msikiti na kanisa wangeandika vitabu bora zaidi.

Na wanawake wetu? Katika filamu ni vivuli. Wanapita nyuma wamejifunika, wana vikapu kichwani, hawasemi. Akisema mmoja, ni wa kuokolewa.

Binti wa kifalme asiyeulizwa

Hapo tunarudi kwenye kitabu alichokishika shangazi. Kinaitwa Blink, cha Ted Dekker, na baadaye kilichapishwa tena kwa jina Blink of an Eye. Dekker ni mtoto wa wamisionari, alikulia Indonesia, kwa hiyo si mtu asiyewahi kumwona Mwislamu. Kisa chake ni cha Miriam, binti wa kifalme wa Saudia anayetoroka ndoa ya kulazimishwa na kukimbilia Marekani. Huko anakutana na mwanafunzi mwenye akili za ajabu, ambaye ghafla amepata uwezo wa kuona njia nyingi za mambo yatakayotokea kabla hayajatokea. Wanakimbia pamoja, wanafukuzwa, huwezi kukiweka chini.

Tulikipenda na tulikikasirikia kwa usiku mmoja. Tulikasirika kwa sababu msomaji wa Marekani akikifunga atabaki na picha ya kwamba buibui ni pingu, na kwamba uhuru wa Miriam unapatikana kwa kupanda ndege tu. Hatambui kwamba dini ya Miriam mwenyewe ilishamtetea. Khansa bint Khidam aliozwa na baba yake bila ya ridhaa yake, akaenda kushtaki kwa Mtume (S.A.W.), na Mtume akaivunja ndoa ile. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Hakuhitaji kutoroka. Alihitaji kusikilizwa, na alisikilizwa.

Lakini dada zetu, tusiikimbie nusu ya pili. Dekker hakuizua ndoa ya kulazimishwa. Tunawajua mabinti, si Saudia, hapa hapa, walioambiwa "umeshaposwa" wakiwa wanapika. Tunajua watu wanaoshika ile hadithi kwamba idhini ya mwari ni kunyamaza kwake, wakaigeuza kuwa ruhusa ya kutomuuliza. Kunyamaza kwa haya ya kuridhia na kunyamaza kwa hofu ni vitu viwili, na kila mama na kila somo anajua kuvitofautisha akitaka. Anayemwona mwari analia chumbani siku ya nikaha akasema "machozi ya furaha hayo" bila ya kumuuliza, amempa Dekker wino wa kuandikia kitabu kingine.

Kwa hiyo mwandishi wa mbali, hata akikosea juu ya dini yetu, akigusa donda la kweli tusimrushie jiwe kisha tuliache donda. Tulitibu.

Na sisi watu wa Unguja tuna binti wa kifalme wetu, wa kweli. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Wasichana wa jumba la mfalme hawakufundishwa kuandika, kusoma Qurani tu. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akafika Aden, na huko mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani aliyempenda. Miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu Hamburg, akabaki mjane na watoto watatu katika nchi ya baridi.

Hatumsifu kwa kuiacha dini wala hatukai kitini kumhukumu. Hukumu ina Mwenyewe. Tunalotaka mlione ni hili. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na ndani yake alifungua sura kuwaeleza Wazungu kwamba wanakosea juu ya wanawake wa Mashariki. Alikuwa amebadilisha dini, jina na nchi, na bado hakukubali mama zake na dada zake wachorwe kama vivuli. Miriam wa Dekker ameandikwa na mwanamume wa Marekani. Salme aliandika mwenyewe. Tofauti hiyo, kwetu, ni kubwa kuliko tofauti ya miaka mia na zaidi iliyopo baina yao.

Visa vyetu navyo vina steringi

Mtu anaweza kudhani kwamba kisa cha kusisimua chenye heshima ya dini yetu hakiwezekani. Kinawezekana, na kimeshafanywa. Mwaka 1976 Moustapha Akkad, mzaliwa wa Syria aliyehamia Marekani, alitoa The Message, kisa cha mwanzo wa Uislamu. Aliipiga mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kwa waigizaji tofauti. Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki, wala wake zake hawaonekani, na bado vita vya Badr vinakutoa jasho. Baadaye alitengeneza Lion of the Desert, kisa cha Omar Mukhtar, mwalimu wa Qurani aliyepambana na Wataliani Libya mpaka wakamnyonga mwaka 1931. Steringi ni mzee mwenye miwani anayesomesha watoto. Italia waliizuia filamu hiyo kwa miaka mingi.

Sasa tufikirie wanawake. Asma bint Abubakar, mja mzito, usiku, anapanda jabali la Thawr na chakula alichokifunga kwa mkanda wake alioupasua vipande viwili, na Makka nzima inamtafuta aliyemo pangoni. Bi Hajar, peke yake bondeni na mtoto mchanga, anakimbia baina ya vilima viwili mara saba, na mpaka leo mamilioni ya wanaume wanafuata nyayo zake. Suratul Kahf tunayoisoma kila Ijumaa ina vijana waliolala pangoni miaka 309, ina safari ya Nabii Musa ya kutafuta elimu mpaka zinapokutana bahari mbili, ina Dhulqarnain na ukuta wa chuma. Ni safari na hatari tupu. Tunaisoma haraka ili tupate thawabu, hatukai kumsimulia mtoto.

Na visiwa vyetu vina majahazi, kusi na kaskazi, bandari za Kilwa na Lamu, mabaharia waliofika Bara Hindi na Muskat. Hayo nani ameyaandika riwaya ambayo msichana wa kisiwani ataificha chini ya mto kwa utamu wake? Wachache mno. Tukilalamika kwamba wengine wanatuchora vibaya, tujiulize kalamu zetu ziko wapi.

Kwa bi harusi

Imebaki hoja ya pili ya shangazi, mume atasema nini. Ushauri wetu, bi harusi, ni usifiche. Kitu kikifichwa kinaonekana kibaya hata kama si kibaya. Mwambie kabla ya nikaha kwamba unapenda kusoma, na unasoma nini, na kwa nini. Jawabu lake litakufundisha mengi juu ya mtu unayekwenda kuishi naye. Akiuliza maswali, msikilize, huenda akaona ambalo hujaliona. Akisema hataki kuona mtu anaigiza manabii ndani ya nyumba yake, ana haki kabisa, na sisi wenyewe filamu hizo tumeziacha.

Fungate ikipita na mgeni wa mwisho akaondoka, chagueni filamu moja mtazame pamoja. Sali Isha kwanza, maana filamu ndefu zimewaangusha wengi. Kisha muulizane mambo matatu. Nani hapa hana jina? Wanawake wanafanya nini? Mtoto wetu, Mungu akitujaalia, akiitazama hii, atajiona mahali gani? Mkiweza kuzungumza hayo bila ya kugombana, mtaweza kuzungumza na ya ada za skuli na ya wakwe.

Mwenzetu alimuahidi shangazi kwamba kabla ya kila kitabu cha namna hii atasoma kimoja cha dini yake mwenyewe. Shangazi akaridhia mkoba ufungwe. Lakini Blink hakukirudisha. Alikitia mkobani mwake mwenyewe, akasema anataka kuhakikisha tulivyosema ni kweli. Juzi tulimpigia simu kuulizia vitambaa vya meza. Akatukatiza, "Subirini kwanza, hawa watoto wamefika jangwani na gari halina mafuta."

Tumwombee mwenzetu ndoa ya kheri, yenye kuulizwa na kujibiwa. Mwenyezi Mungu awajaalie mapenzi na huruma baina yao, na kila mwari anayeposwa mwaka huu ampe mtu wa kumuuliza kwa ukweli, na ujasiri wa kujibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.